Feni kubwa au rejeta ya maji? Kuipooza na kuinyamazisha kompyuta ya nyumbani kwa joto hili la Dar

Saa nane usiku Tabata, mtoto ndo kwanza kapata usingizi, mi niko kwenye kona ya sebule video ya harusi ya mteja inarenda (yaani kompyuta inaiunganisha iwe faili moja la mwisho), mara kompyuta inaanza kuunguruma, inapanda inashuka, inapanda inashuka, mke wangu akatokea mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Baba Naima, mtoto ataamka huyo." Nikaizima. Kazi ya mteja ikasogea kesho yake, na kuanzia siku ile nikaanza kutafuta kwa dhati namna ya kuifanya mashine ipoe na inyamaze kwa pamoja, maana hivi ni vitu viwili tofauti ila watu wanaviongelea kama kimoja. Unaweza kuwa na mashine ya baridi inayopiga kelele kama jenereta, na unaweza kuwa na mashine iko kimya kabisa kumbe inajikaanga.

Nimeshapita njia karibu zote. Nimesafisha, nimeongeza feni, nimefunga mfumo wa kupooza kwa maji yanayozunguka kwenye rejeta, nimeutoa, nimefunga hitsinki kubwa ya feni (hitsinki ni kile chuma chenye mapezi kinachonyonya joto la prosesa), na hapo katikati nimefungua mashine za ndugu na majirani nyingi tu. Kwa hiyo hii ni kwa mtu ambaye ana hela kiasi mkononi anataka kujua aiweke wapi. Msimamo wangu nausema mapema usisubiri: kwa nyumba nyingi za hapa mjini hitsinki kubwa yenye feni inayozunguka polepole inaishinda rejeta ya maji, na kabla hujafika kwenye hiyo hitsinki kuna kazi ya jioni moja ambayo inaweza ikakufanya usinunue chochote. Afu kitu kimoja tuelewane, lile boksi lote sisi mtaani tunaliita CPU, hapa boksi nitaliita kesi, na prosesa ni ile chipu yenyewe iliyokaa chini ya feni.

Tuanze na joto letu. Hamna kifaa, kiwe cha feni kiwe cha maji, kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya prosesa na hewa inayoizunguka basi. Ukicheki video za Wazungu wanaopima hizi hitsinki utakuta chumba chao kina nyuzi 21 au 22. Sasa chukua sebule yangu mwezi wa pili, bati juu, madirisha mawili, mchana nimepima nyuzi 33. Ile prosesa waliyoipata kwenye nyuzi 70 wewe utaipata kwenye 81 na hitsinki ni ileile, hujauziwa feki na wala fundi hakukosea. Hiyo namba isikutishe pia, prosesa nyingi za Intel kikomo chake ni nyuzi 100, Ryzen za 5000 wanaishia 90 au 95, Ryzen nyingi za 7000 zimetengenezwa kabisa ziweze kukaa kwenye 95 zikiwa na kazi nzito. Ikigusa kikomo inajipunguzia spidi yenyewe. Shida ni kwamba kabla haijafika huko feni zimeshapanda mpaka mwisho, ndo maana hapa Dar joto linakufikia kwanza kama kelele, kuharibika kunakuja baadaye sana kama kutakuja.

Na kuna dhana moja nataka niiondoe kabisa kwa sababu nimeisikia madukani mara nyingi, kwamba mfumo wa maji "unatoa joto". Joto haliendi popote ndugu yangu. Mashine ikila wati 250 za umeme, wati 250 zinaingia kwenye chumba chako kama joto, sawa na kuwasha zile taa za zamani za wati 60 nne kwa pamoja, na hapo haijalishi joto limepita kwenye chuma au kwenye maji. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu, baada ya masaa mawili wewe na mashine mnapumua hewa ileile ya moto. Kwa hiyo chochote kinachopunguza umeme unaoliwa kinapunguza joto la prosesa, joto la chumba, kelele na LUKU kwa mpigo mmoja, na hakuna rejeta inayoweza kukufanyia hivyo.

Haya, sasa njia zenyewe.

Ya kwanza ni hitsinki uliyonayo tayari. Mashine nyingi ninazofungua shida yake ni blanketi la vumbi, hitsinki yenyewe nzima. Ukiitoa ile feni unakuta chini yake kuna tabaka la kijivu limelala juu ya mapezi ya aluminiamu, limeshikana kama kitambaa cha sweta, ukiliinua kwa ukucha linatoka zimazima lina umbo la duara la feni. Ukilichambua ndani yake kuna nywele, nyuzi za zulia, mabawa ya kumbikumbi, sisimizi. Feni inasukuma kwa nguvu zote na hewa haipiti, yaani kelele yote ile unayoisikia ni ya kusukuma ukuta. Kwa jirani yangu mmoja tulimulika tochi kwenye matundu ya nyuma ya pawa saplai tukaona mjusi kakauka humo ndani. Hiyo pawa saplai usiifungue, ina makapasita yanayobaki na umeme hata ukiwa umechomoa plagi, ipulizie kwa nje tu na kama imeliwa na mijusi nunua nyingine.

Kusafisha kwenyewe: brashi mpya ya rangi ya inchi moja, bulowa kama unayo au ya kuazima kwa fundi simu, na kidole kimoja kinashika feni isizunguke wakati unapuliza, maana ikizunguka kwa upepo inazalisha umeme kinyumenyume na beringi inaumia. Usiende kwenye gereji ya kujaza upepo matairi. Najua wengi wanafanya, ila ile kompresa ina maji na mafuta ndani ya tenki, na kwa unyevu wa hewa yetu hii maji yanakuwa mengi, unapulizia mazabodi (ile bodi kuu) ukungu bila kujua.

Afu pesti, ile ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na hitsinki. Mashine ya miaka mitano sita ukiifungua unakuta imekuwa kama chokaa. Futa kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, hitsinki yenyewe itaitandaza. Kama una Ryzen ya soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) ya AM4 washa mashine dakika kumi kwanza pesti ilainike, izime, alafu zungusha hitsinki kulia kushoto taratibu kabla ya kuvuta juu, ukivuta ghafla prosesa inang'oka nayo na pini zinapinda na hapo umeshalia. Intel zile zenye vibonyezo vinne vya plastiki, kuzungusha kwa kufuata mshale ndo kunaachia, na ukirudisha hakikisha vyote vinne vimeitika kwa kugeuza bodi uangalie nyuma, kimoja kikining'inia tu prosesa inagonga kikomo hata ukifungua dokumenti ya barua.

Kwangu mimi, Ryzen 7 3700X na ile hitsinki iliyokuja nayo kwenye boksi, kusafisha na pesti mpya kulishusha nyuzi 9 kwenye kazi ileile ya kurenda. Nyuzi tisa kwa jioni moja na hela ambayo ni kama ya sahani moja ya chipsi kuku. Hamna kifaa nilichonunua baadaye kilichonipa faida hiyo kwa hela hiyo.

Bado kuna setingi, na hizi ni bure. Kwenye Windows ukiingia kwenye setingi za umeme kuna sehemu ya kiwango cha juu cha prosesa imeandikwa asilimia 100, weka 99. Asilimia moja tu inaonekana kama utani ila inazima turbo, yaani prosesa kujiongezea spidi yenyewe, na turbo ndo inayokula umeme mwingi kwa faida ndogo. Mfano i5-6500 itashuka kutoka gigahezi 3.6 kuja 3.2, kwa kazi za ofisi na kuangalia muvi huoni tofauti, feni unaiona. Ila usifanye hivi kwa prosesa mpya mpya, i5-12400 kwa mfano turbo ikizimwa inadondoka kutoka 4.4 mpaka 2.5, umejikata mguu. Hizo ingia bayosi (setingi za mazabodi unazoingia kabla Windows haijawaka) uweke kikomo cha wati, na Ryzen zina hali ya eko, ya kubana umeme, hukohuko bayosi, yangu kwenye karatasi ni ya wati 65 lakini kiuhalisia inaruhusiwa kula mpaka 88, nilipoiweka eko ikawa na kikomo cha 60. Video ya harusi inachelewa dakika chache kuisha. Mtoto haamki.

Na hapo hapo bayosi kuna mstari wa feni, ile grafu inayoiambia feni izunguke kasi gani kwa kila joto, ambao kwa maoni yangu ndo kitu kinachopuuzwa kuliko vyote. Kinachomuamsha mtu ni kelele inayobadilika. Pangaboi linavuma usiku kucha na watoto wanalala, umeme ukikatika likisimama ndo wanaamka. Feni ya kompyuta ikiruka kutoka raundi 800 kwa dakika kwenda 1800 na kurudi kila ukifungua ukurasa, sikio haliwezi kuzoea. Weka mstari uwe tambarare mpaka nyuzi 70 hivi, na ule muda wa kusubiri kabla ya feni kupanda uongeze uwe sekunde kadhaa. Siku nilipofanya hivi ndo siku ya kwanza Mama Naima hakusema kitu, na hakuna nilichokuwa nimenunua.

Kama umefanya yote hayo na bado, sasa tunaingia kwenye kununua.

Watu wengi kitu cha kwanza wanachokimbilia Kariakoo ni seti ya feni tatu au nne za taa za rangi. Naelewa, zinapendeza, bei nafuu. Ila angalia plagi. Nyingi za bei ya chini zina plagi ile pana ya Molex inayochukua umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai, volti 12 muda wote, maana yake zinazunguka mwisho wa uwezo wake kuanzia unawasha mpaka unazima na bayosi haina amri juu yake. Unachotaka ni feni ya pini nne inayochomekwa kwenye mazabodi. Na kwa nini spidi ni muhimu hivyo: hewa inapungua sambamba na raundi lakini kelele inapungua haraka zaidi ya hapo. Feni ikishuka kutoka raundi 1500 kuja 1000 unapoteza theluthi moja ya hewa, lakini sauti inashuka karibu desibeli 9, na desibeli 10 sikio linaisikia kama kelele imekatwa nusu. Ukiwa na feni mbili za aina moja zikivuma pamoja unaongeza desibeli 3 tu. Ndo maana feni mbili kubwa za polepole zina ukimya ambao feni moja ndogo ya kukimbia haiwezi kuufikia, na kama kesi yako inakubali feni ya milimita 140 badala ya 120 chukua ya 140, mdomo wake ni mkubwa kwa zaidi ya theluthi kwa hiyo haihitaji kukimbia.

Sasa pambano lenyewe. Upande mmoja hitsinki ya mnara, ule mrundo wa mapezi uliosimama wima na mirija ya shaba imepita katikati, na feni moja au mbili za 120 ubavuni. Upande wa pili mfumo wa maji uliofungwa kiwandani, pampu inakaa juu ya prosesa, mirija miwili ya mpira, na rejeta ya milimita 240 yenye feni mbili inayofungwa juu au mbele ya kesi.

Kwa nguvu ya kupooza tu, rejeta ya 240 na mnara mzuri wa minara miwili (mirundo miwili ya mapezi) wanakaribiana sana kwa prosesa za kawaida. Hili nilitamani mtu angenionya kabla. Maji yana faida moja ya kweli, yanachelewa kupata moto, kwa hiyo kazi fupi fupi za dakika mbili tatu feni hazishtuki. Ila ukirenda masaa mawili maji yameshapata moto na mko palepale. Kwa kelele, mnara una chanzo kimoja ambacho ni feni. Maji yana feni zilezile mbili afu na pampu juu yake, na pampu haipumziki, hata mashine ikiwa haifanyi chochote inalia, mchana hutaisikia kwa sababu ya bodaboda na muziki wa jirani ila usiku ni sauti nyembamba kama mbu yuko karibu na sikio.

Kwenye kuharibika ndo mi niliposhikwa. Nilinunua wa maji kwenye duka moja Kariakoo, jamaa aliniambia "kaka kwa joto la Dar feni haiwezi, chukua maji" nikamwamini. Wiki za mwanzo nilifurahi kweli. Baadaye ikaanza sauti ya maji yanaguguma ndani, kama mtu anamalizia soda kwa mrija, nikaja kugundua rejeta nilikuwa nimeifunga mbele na pampu imekuwa sehemu ya juu kuliko kila kitu, hewa kidogo iliyomo ndani ikawa inakusanyika kwenye pampu. Nikaihamishia rejeta juu, sauti ikaisha. Hilo ni kosa langu na ukifunga maji ulikumbuke, rejeta iwe juu ya pampu. Lakini mwaka mmoja na miezi minane baadaye pampu ikafa. Nilikuwa katikati ya kazi, skrini ikaanza kukwama, nikacheki joto liko 95, haikufika dakika mashine ikazima. Nikaipeleka kwa aliyeniuzia, wananiambia hii haifunguliwi, hamna pampu ya kununua peke yake, nunua nyingine nzima. Siku tatu bila kazi, bibi harusi anapiga simu kila asubuhi, na alikuwa na haki ya kupiga. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti yake naumia.

Linganisha na mnara. Feni ya mnara ikifa, chuma bado kipo na kinaendelea kupoza kidogo kidogo, mashine inapunguza spidi, unatafuta feni yoyote ya 120 hata ya kuazima kwenye kesi ya rafiki, unaifunga kwa zile klipu za waya, dakika kumi umerudi kazini. Hakuna maji ya kupungua pia, ile mirija ya mpira inapitisha unyevu kidogo kidogo mwaka hadi mwaka na mfumo uliofungwa huwezi kuujaza. Kuvuja ni nadra, hilo niwe mkweli, ila ikivuja inadondokea kwenye kadi ya picha ambayo ndo kitu cha bei kuliko vyote humo ndani.

Bei nayo, mnara mzuri mara nyingi ni nusu ya bei ya rejeta inayopoza sawa nao au chini ya hapo. Mimi nimeishia kwa Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright, minara miwili feni mbili, na feni zake nimezifunga kamba raundi 900. Kabla hujanunua pima kesi yako kwa rula, kutoka juu ya prosesa mpaka mlango wa pembeni. Huo wangu una urefu wa milimita 155, NH-D15 ya Noctua ambayo wengi wanaitaja kama mfalme wa minara ina 165, na kesi nyingi za bei ya kawaida hazifiki huko, nimeshaona mtu anaendesha mashine mlango uko wazi mwaka mzima kwa sababu ya milimita tano. Cheki na soketi: Intel wa kizazi cha 12 mpaka cha 14 wana LGA1700 na matundu yake yako milimita 78, wale wa zamani 75, kwa hiyo uliza kama vyuma vya soketi yako vimo kwenye boksi. AM5 ya mwaka 2022 kwa bahati inapokea minara mingi ya AM4.

Mnara una udhaifu wake. Ni mzito, hiyo NH-D15 na feni zake ni kilo 1.3 na zote zinaning'inia kwenye bodi, ukiipakia mashine kwenye bodaboda kutoka Tabata mpaka Kariakoo kwa zile barabara za vumbi na matuta, ungoe kwanza. Unaweza kuziba nafasi za RAM. Na kwa walioko karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, upepo wa chumvi unayafanya mapezi ya aluminiamu tupu yaote unga mweupe, kwa hiyo lipia kidogo upate uliopakwa nikeli. Ila tatizo la chumvi rejeta inalo vilevile.

Nani achukue maji basi? Mtu mwenye prosesa kama i9-14900K inayoruhusiwa kula wati 253 na kweli anairenda siku nzima, huyo achukue rejeta ya 360 na ajue kwamba atabadilisha mfumo mzima siku moja. Na mtu ambaye kesi yake ni nyembamba mnara haukai lakini ina nafasi ya rejeta juu. Wengine wote sioni sababu.

Kuna kundi kubwa ambalo haya yote hayawahusu, wenye zile mashine za ofisi za mtumba, OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo. Nazipenda hizi mashine, ni imara, ila plagi za feni zake mara nyingi sio za kawaida, na HP ukiondoa feni yake ukaweka ya kwako inaweza kukugomea kwenye kuwaka ikilalamika feni haipo. Zile fupi ndo hazina hata nafasi. Hapo usipoteze hela, safisha, pesti, asilimia 99, na badala ya hitsinki nunua SSD ikae mahali pa diski ngumu. Diski ngumu ya raundi 7200 inazunguka mara 120 kwa sekunde, huo mtikisiko unashuka kwenye kesi, kesi inaupeleka kwenye meza ya mbao, meza inauvumisha kama ngoma. SSD haina kinachozunguka. Ukiwa bado unakusanya hela ya SSD, kata kandambili ya zamani vipande vinne uweke chini ya kesi, utashangaa.

Kadi ya picha kwa wacheza gemu, funga fremu (picha kwa sekunde) zisizidi skrini yako inachoonyesha na ushushe kikomo cha wati kwa programu ya MSI Afterburner, RTX 3060 ina wati 170 na ukiipunguza kwa asilimia 20 gemu nyingi huoni tofauti kubwa. Kufungua mlango wa kesi na kuelekeza feni ya mezani humo, kwa dharura sawa, joto linashuka kweli, ila vumbi na mende wanaingia bila hodi. Chandarua chakavu mbele ya matundu kinazuia wadudu na kinapitisha hewa, vumbi laini halizuii. Soksi ndefu ya kike inazuia vumbi ila usipoifua kila wiki mbili inakaba.

AC naijibu kwa haraka. Ndo kitu pekee kinachoshusha joto la chumba chenyewe na unyevu pia, ila ya BTU 9000 inakula kama wati 800 ikiwa kazini, masaa nane ya usiku kompresa ikiwaka na kuzima ni uniti nne tano hivi, kabla ya siku ishirini umeshapita uniti 75 za mwezi na kama ulikuwa kwenye ile laini ya umeme wa bei nafuu ya matumizi madogo umeiaga. Kama ipo kwa ajili ya watu, mashine inafaidi. Kuinunua kwa ajili ya kompyuta, hapana. Na kama kazi yako ni barua, hesabu za duka na muvi, fikiria kabisa kompyuta ndogo yenye prosesa kama Intel N100 ya wati 6, zipo zisizo na feni hata moja. Haitarenda harusi, lakini kimya chake hakuna mnara utakaokifikia.

Jumapili iliyopita shemeji yangu wa Mbagala alinipigia, "Shem, nimepata hela ya mchezo, nikachukue ile ya maji?" Mashine yake ni ya i5-12400 na hitsinki ndogo ya boksini, anaweka miziki na kuediti matangazo chumbani wanapolala na mdogo wake. Nikamwambia asiende popote, namfuata. Tukatoa blanketi, tukaweka pesti, bayosi tukamwekea wati 65 na mstari wa feni tambarare. Jioni akataka zaidi nikamruhusu mnara mmoja wa feni moja, mrefu wa kuingia kwenye kesi yake, hela nyingine akabaki nayo. Tulipoiwasha tukazima pangaboi tukakaa kuisikiliza, feni haisikiki, kilichobaki ni mvumo mwembamba unatoka chini ya meza. Ni diski. Tukaikatia kandambili, na SSD kasema ananunua mwisho wa mwezi.